Kulinganisha fimbo za gofu za chuma, za zamani na za kisasa: mwongozo kamili wa kupima kabla ya kutoa pesa

Jaribio linalowaponza wachezaji wengi huwa hivi. Mtu anapiga mipira kadhaa kwa fimbo yake ya zamani ya namba 7, kisha anakabidhiwa namba 7 mpya na kupiga tena. Mpya inaupeleka mpira mita 15 au 20 mbele zaidi, na pesa zinatoka hapo hapo. Baada ya wiki chache analalamika kwamba mpira hausimami kwenye grini (nyasi fupi zinazozunguka shimo la bendera), na kwamba kuna umbali fulani ambao hana tena fimbo ya kuupiga.

Muuzaji hakumdanganya, na mashine iliyopima umbali haikumdanganya. Kilichopinda ni ulinganisho wenyewe. Namba iliyochongwa chini ya fimbo ni jina tu, na kila kampuni hulitoa inavyotaka. Hakuna kanuni inayosema namba 7 lazima iwe na pembe fulani. Ukilinganisha namba kwa namba, mara nyingi unalinganisha namba 7 na kitu ambacho zamani kingeitwa namba 5.

Mwongozo huu unalinganisha pembe kwa pembe, na unaangalia mpira ulisimama wapi, si ulifika wapi tu. Tenga nusu siku. Haifai kufanywa kwa haraka.

## Vifaa vya kuandaa

- Seti yako ya zamani yote, pamoja na weji zako (fimbo fupi za mapigo ya karibu).
- Fimbo za kisasa unazotaka kujaribu. Omba angalau tatu: fupi, ya kati na ndefu. Ukipewa namba 7 peke yake, jaribio hili haliwezekani.
- Mipira 15 au zaidi ya aina moja, ile unayochezea mechi. Mipira ya uwanja wa mazoezi haifai.
- Mashine ya kupimia lofti na lai (pembe mbili za fimbo zitakazoelezwa hapa chini), au fundi wa fimbo aliye nayo.
- Rula ndefu au utepe wa kupimia, na mizani ya jikoni inayosoma gramu.
- Poda ya kupuliza ya miguu, ya kuonyesha mpira uligusa wapi usoni mwa fimbo.
- Kalamu ya ubao mweupe inayofutika.
- Brashi, maji ya uvuguvugu, sabuni na kitambaa.
- Rada ya kupimia mapigo. Ukikosa, tafuta grini ya mazoezi inayoruhusu mapigo marefu, kipimaumbali cha leza na mwenzako wa kusimama kule mbele.
- Daftari. Usiamini kumbukumbu yako, itakuletea mapigo mazuri tu.

## Hatua ya 1: Kagua fimbo za zamani kabla ya kupiga hata mpira mmoja

Anza na shafti, yaani mti mrefu wa fimbo. Pitisha ukucha kuanzia chini ya gripu (sehemu ya kushikia) hadi shingoni, pale shafti inapoingia kichwani. Kutu ya juu juu inayofutika si tatizo. Vishimo vinavyonasa ukucha, hasa karibu na shingo, ni tatizo: shafti imeliwa na inaweza kukatika wakati wa swingi. Kama shafti ni ya nyuzi za kaboni, tafuta ufa, rangi iliyobanduka kwa mzunguko au sehemu laini ukiibonyeza.

Sasa shika kichwa kwa mkono mmoja na shafti kwa mwingine, halafu sokota kinyume. Pasiwepo kitu kinachosogea wala kutoa mlio. Angalia pia ile pete nyeusi ya plastiki inayofunika maungio. Ikiwa imepanda na kuacha mwanya, huenda pete pekee ndiyo imelegea, lakini pia huenda kichwa kimeanza kutoka.

Tahadhari: gundi inayoshika kichwa huzeeka. Kichwa kikichomoka, ni zaidi ya gramu 250 za chuma zinazorushwa kwa kasi yako yote, na huwezi kujua zitaangukia nani. Fimbo yenye shaka ipeleke kwa fundi kwanza.

Kisha gripu. Raba ya zamani hukauka na kung'aa, na mkono unaoteleza hubana zaidi. Mikono ikibana swingi hubadilika, nawe utailaumu fimbo kwa kosa la gripu. Zisugue kwa maji na sabuni. Zikiendelea kuteleza, badilisha gripu za fimbo za majaribio tu, na uweke zenye unene sawa na za zile za kisasa.

Mwisho safisha mifereji ya usoni kwa brashi na kijiti cha mbao. Usitumie chombo chenye makali cha kuchonga mifereji upya, kwani unaweza kuitoa fimbo nje ya kanuni bila kujua.

Utajua umefaulu ukiwa na fimbo zisizocheza, zisizolia, zenye gripu isiyoteleza na mifereji unayoihisi kwa ukucha. Kama mifereji ya fimbo fupi imelainika kabisa, andika hilo daftarini. Litahusika baadaye, mpira utakapokataa kusimama.

## Hatua ya 2: Pima lofti, urefu na uzito

Lofti ni ile pembe ambayo uso wa fimbo umelala nyuma. Ndiyo inayoamua mengi kuhusu mpira kupanda na kuzunguka, na ndiyo iliyobadilika kuliko kitu kingine chochote katika fimbo za chuma.

Pima fimbo yenyewe hata kama una karatasi ya kiwanda. Vichwa vya chuma laini kilichofuliwa hujipinda kidogo kidogo kwa miaka ya kupiga kwenye mikeka, na huenda aliyekuwa nazo kabla yako alizipindisha kwa makusudi. Sijawahi kuamini seti ya zamani kabla ya kuiona kwenye mashine.

Ukikosa mashine, unaweza kutumia kipimapembe cha simu, mradi uifunge fimbo vizuri: mistari ya usoni iwe sambamba na meza, na shafti isiegemee mbele wala nyuma. Watu husimamisha shafti wima kabisa, mistari ikapanda upande mmoja, na kipimo kikawa si cha kweli. Hata ukifanya sawasawa, tarajia kukosea uzi mmoja hivi.

Ili ujue kama vipimo vyako vinaeleweka, hivi ndivyo viwango vya kawaida:

- Namba 5: zamani nyuzi 27 hadi 30. Za kisasa za kusamehe makosa (zisizoadhibu sana pigo la nje ya katikati), takriban 22 hadi 25.
- Namba 7: zamani nyuzi 35 hadi 38. Za kisasa za kusamehe, 28 hadi 30.
- Namba 9: zamani nyuzi 43 hadi 46. Za kisasa za kusamehe, 37 hadi 40.
- Weji ya seti, ile yenye herufi P: zamani nyuzi 48 hadi 52. Za kisasa za kusamehe, 41 hadi 45.

Neno "kisasa" nalo ni pana. Fimbo mpya zinazotengenezwa kwa wachezaji wazoefu hazijakazwa, yaani hazijapunguzwa lofti, kiasi hicho. Namba 7 ya Titleist T100, kwa mfano, ina nyuzi 34, karibu sana na za zamani. Kwa hiyo mtu akikwambia "za kisasa zinakwenda mbali", muulize zipi.

Kupima urefu, weka fimbo chini katika mkao wa kupiga, egemeza rula nyuma ya shafti kuanzia ardhini kwenye kisigino cha fimbo (upande wa kichwa ulio karibu na shafti), na usome kwenye ukingo wa juu wa gripu. Namba 7 nyingi za zamani zina inchi 36.5 hadi 36.75. Za kisasa huwa 37 au zaidi kidogo.

Halafu weka fimbo nzima juu ya mizani. Shafti za chuma za zamani zilikuwa na gramu 120 hadi 130, wakati shafti nyingi za leo za chuma ziko chini ya 110 na za kaboni ni nyepesi zaidi. Ukikuta fimbo mbili zimepishana gramu 20 au 30, usishangae. Lakini kumbuka kwamba sehemu ya kile unachokiita "kichwa kipya" inatoka kwenye shafti nyepesi, na shafti inaweza kubadilishwa bila kununua seti.

Utajua umefaulu ukiwa na ukurasa wenye kila fimbo, lofti yake, urefu na uzito. Wengi husitisha ununuzi hapa hapa, kabla ya kupiga mpira.

## Hatua ya 3: Panga jozi kwa lofti

Funika namba kwa kipande cha utepe, au zisahau tu. Kwa kila fimbo ya zamani, tafuta ya kisasa yenye lofti isiyopishana nayo zaidi ya uzi mmoja, au mmoja na nusu ukikosa. Tengeneza jozi tatu.

Jozi za kawaida huwa hivi:

- Fupi: namba 9 ya zamani yenye nyuzi 44, na weji ya P ya kisasa yenye nyuzi 43 au 44.
- Kati: namba 7 ya zamani yenye nyuzi 36 au 37, na namba 9 ya kisasa yenye nyuzi 37.
- Ndefu: namba 3 ya zamani yenye nyuzi 23 au 24, na namba 5 ya kisasa yenye pembe hiyo hiyo.

Sasa rudi kwenye safu ya urefu. Ulipolinganisha namba kwa namba, fimbo ya kisasa ndiyo iliyokuwa ndefu, kwa karibu nusu inchi. Ukilinganisha kwa lofti, mambo yanageuka: namba 9 ya kisasa ina inchi 36 hivi, na namba 7 ya zamani ina 36.5 au zaidi. Ile ya zamani sasa ndiyo ndefu. Fimbo fupi ni rahisi kuipiga katikati ya uso, na fimbo ndefu huongeza kasi kidogo. Usiifute tofauti hii, ni sehemu ya bidhaa unayolipia. Iandike tu ili baadaye usishangae kwa nini ya zamani imetangulia kwa mita mbili au tatu pale ulipopiga katikati.

Tahadhari: usikubali muuzaji akupangie jozi kwa kuangalia namba "ili iwe haki". Hapo ndipo mtu huuziwa mbuzi kwenye gunia.

## Hatua ya 4: Sawazisha lai

Lai ni pembe kati ya shafti na ardhi. Fimbo nyingi za zamani zimelala zaidi, za kisasa zimesimama zaidi. Lai isiyokufaa hupeleka mpira kushoto au kulia hata ukipiga vizuri, na kosa hilo huonekana zaidi kadiri lofti inavyokuwa kubwa. Usipoikagua, utaandika "fimbo hii inavuta kushoto" kumbe ni pembe tu inayorekebishika.

Chora mstari mnene nyuma ya mpira kwa kalamu ya ubao, uweke wima ukiuelekea uso wa fimbo, kisha piga. Wino utahamia usoni.

- Mstari ukisimama wima, lai inakufaa.
- Sehemu ya juu ya mstari ikiegemea kwenye ncha ya fimbo (upande wa kichwa ulio mbali na shafti), ncha iliinuka wakati wa kugonga, yaani lai imesimama mno. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, mpira huelekea kushoto.
- Ikiegemea kwenye kisigino, lai imelala mno, na mpira huelekea kulia.

Rudia mara tatu au nne kwa kila fimbo, maana pigo moja halithibitishi kitu. Kama fimbo mbili za jozi zimepishana sana, unaweza kuendelea, ila usihukumu mwelekeo wa mapigo. Hukumu umbali, kushuka na kusimama.

## Hatua ya 5: Andaa mahali pa kupigia

Pigia kwenye nyasi. Mkeka huficha makosa: ukigonga nyuma ya mpira, fimbo huteleza juu ya mkeka na kuufikia mpira, na pigo linaonekana safi. Kwenye nyasi pigo hilo hilo lingefia mita 30 nyuma. Na kwa kuwa tofauti kubwa ya fimbo hizi iko kwenye upana wa soli (sehemu ya chini ya kichwa), mkeka unafuta kitu ulichokuja kukipima.

Chagua saa isiyo na upepo mkali. Pasha mwili kwa fimbo ya tatu ambayo haimo kwenye jaribio, hadi mapigo yaanze kufanana.

Ukitumia rada, mwombe anayeisimamia aigeuze ili usione umbali unapopiga. Mtu akiona namba, huanza kuikimbiza. Utasukuma swingi kwa fimbo unayoitaka na kulegea kwa ile uliyoichoka, bila kujijua.

## Hatua ya 6: Piga kwa kupokezana

Usipige mipira yote ya fimbo moja kisha ya nyingine. Fimbo ya pili hukuta mwili umechoka, au umeshazoea. Piga mitano kwa ya zamani, mitano kwa ya kisasa, mitano tena kwa ya kisasa, halafu urudi kwa ya zamani. Endelea hivyo hadi kila fimbo iwe na mapigo 15. Pumzika kabla ya jozi inayofuata.

Kwa kila pigo andika:

1. Umbali wa hewani, yaani hadi mpira ulipogusa ardhi.
2. Umbali wa mwisho, uliposimama.
3. Kushoto au kulia kwa shabaha, kwa mita.
4. Kwa wenye rada: kasi ya mpira, mizunguko kwa dakika na pembe ya kushuka.

Bila rada, mwenzako asimame pembeni mwa grini, atafute shimo dogo ambalo mpira umelichimba ulipotua, na apime kutoka hapo hadi uliposimama. Umbali huo mfupi una thamani kuliko namba nyingi za kwenye skrini. Arekebishe shimo baada ya kupima.

Tahadhari: usifute mapigo mabaya. Hapa ndipo wengi huharibu kazi yote. Fimbo ya kisasa yenye uzito uliosambazwa kingoni inauzwa kwa ajili ya mapigo mabaya. Ukiyaondoa na kubakiza ya katikati ya uso tu, umeondoa sababu yenyewe ya kuwepo kwake, na kisu cha zamani, yaani fimbo ya kichwa chembamba kisichosambazwa uzito kingoni, kitaonekana kizuri kuliko kilivyo.

Baada ya hapo, piga mipira mingine michache ukiwa umepuliza poda usoni, uone unagonga wapi. Kundi hili liwe peke yake, wala usichukue vipimo vya mzunguko humo, kwa sababu poda hubadilisha namna uso unavyoushika mpira. Futa kila baada ya pigo.

Utajua umefaulu kama alama zako za poda zinafanana kwa fimbo zote mbili. Zikipishana sana, mfano moja unagonga kwenye ncha na nyingine katikati, basi urefu, uzito au lai ndiyo inayoongea, si umbo la kichwa.

## Hatua ya 7: Soma matokeo, na usianze na umbali

Kwanza panga mapigo 15 ya kila fimbo kutoka fupi hadi refu, uchukue la 8. Hilo ndilo pigo lako la kawaida. Pigo refu kuliko yote lisahau. Utalipiga mara moja kwa mwezi, na mara nyingi litavuka grini.

Kisha angalia pengo kati ya pigo la 3 na la 13. Linaonyesha fimbo inavyokutupa mbele na nyuma ukikosea kidogo. Mara nyingi hapa ndipo ya kisasa inashinda kihalali. Uzito wake uko pembezoni, hivyo kichwa hakipinduki kirahisi mpira ukigonga karibu na ncha, na kasi haipotei sana. Kwa kisu cha zamani, pigo la sentimita moja kutoka katikati hulihisi hadi kwenye kiwiko, na mpira huangukia mbele ya grini.

Sasa pembe ya kushuka. Kwa fimbo za kati na fupi, nyuzi 45 au zaidi zinaupa mpira nafasi nzuri ya kusimama kwenye grini ya kawaida. Chini ya 40, unategemea huruma ya ardhi.

Chukua mfano huu wa kufikirika. Namba 7 ya zamani, nyuzi 36: hewani mita 128, kushuka nyuzi 47, mpira unasogea mita 3 baada ya kutua. Namba 7 ya kisasa, nyuzi 29: hewani mita 145, kushuka nyuzi 41, unasogea mita 11. Namba 9 ya kisasa, nyuzi 37: hewani mita 127, kushuka nyuzi 48, unasogea mita 3.

Bendera iko mita 6 tu kutoka ukingo wa mbele, na kuna shimo la mchanga hapo mbele. Kwa mita 17 zako mpya huwezi kuisogelea: ukitua salama nyuma ya mchanga, mpira unapita bendera na kuendelea. Na ile namba 9 ya kisasa imefanya kile kile ilichofanya namba 7 yako ya zamani. Umbali "mpya" ulikuwa lofti na nusu inchi ya shafti.

Lakini usiishie hapo ukatangaza kwamba teknolojia ni maneno matupu. Angalia jozi ndefu. Namba 3 ya zamani yenye nyuzi 23 ina kituo cha uzito kilicho juu na uso usio na springi. Kwa mchezaji wa kasi ya kawaida, mpira hautaki kupanda. Namba 5 ya kisasa yenye pembe hiyo hiyo ina uzito chini kabisa, karibu na soli, na uso mwembamba unaorudisha kasi. Mpira unapanda juu zaidi kwa lofti ile ile, unabaki hewani na unashuka kwa pembe inayofaa. Kwa maoni yangu, ukitaka kujua kama za kisasa zinakufaa, jozi ndefu ndiyo hakimu. Jozi ya kati ndiyo inayouza fimbo, lakini haikwambii mengi.

Kama mizunguko ya fimbo ya zamani ni michache kuliko ulivyotarajia, rudi kwenye daftari uone ulichoandika kuhusu mifereji. Mifereji iliyolika si kosa la muundo wa zamani.

## Hatua ya 8: Jaribu kwenye nyasi ndefu na kwenye ardhi ngumu

Wachache hufanya hatua hii, ingawa haichukui muda.

Weka mipira mitano kwenye nyasi ya urefu wa kifundo cha kidole. Nyasi huingia kati ya mpira na uso, mzunguko unapungua, na fimbo yenye lofti iliyokazwa inaweza kuurusha mpira mbali kuliko ulivyokusudia. Angalia ni ipi inakushangaza zaidi.

Kisha weka mitano kwenye ardhi ngumu yenye nyasi chache. Soli nyembamba ya zamani huingia chini ya mpira kwa urahisi. Soli pana ya kisasa inaweza kudunda, ukaugonga mpira tumboni na ukaenda chini chini kwa kasi. Kwenye ardhi laini kisa hugeuka: soli nyembamba huzama ukigonga nyuma kidogo tu, na soli pana hukuokoa. Tazama bonge la nyasi unalochimba. Ukichimba kwa kina, soli pana itakufaa. Kama unafagia nyasi juu juu na kiwanja chako ni kigumu, za zamani zinaweza kuwa sahihi kwako kuliko tangazo lolote litakavyokubali.

## Hatua ya 9: Hesabu mapengo ya seti nzima

Andika lofti zote kutoka ndefu hadi weji ya mwisho, ukitumia kwanza seti ya zamani, halafu ile ya kisasa pamoja na weji ulizonazo. Angalia tofauti kati ya fimbo na fimbo. Katika fimbo fupi, nyuzi 4 hadi 5 zinafaa. Zikifika 7 au 8 una shimo, na itabidi upige nusu swingi kila ukikuta umbali huo.

Mfano: weji yako ya P ya zamani ina nyuzi 50, na ya mchanga 56. Unanunua seti yenye P ya nyuzi 43. Kutoka 43 hadi 56 ni nyuzi 13. Sasa unahitaji weji mbili katikati, na kanuni inaruhusu fimbo 14 tu kwenye mfuko. Bei halisi ya seti ni pamoja na hizo weji utakazoongeza, na pamoja na fimbo utakayoitoa ili kuzipisha.

Kama unashindana, kagua pia kanuni ya mifereji. Fimbo zilizotengenezwa kuanzia Januari 1, 2010 zinapaswa kufuata vipimo vipya vya mifereji kwa lofti ya nyuzi 25 na kuendelea. Mashindano ya ngazi ya juu yanaweza kuweka kanuni inayozuia za kabla ya hapo. Orodha rasmi za fimbo zinazoruhusiwa ziko kwenye tovuti za mashirika yanayosimamia kanuni za gofu, R&A na USGA. Kwa mchezo wa kirafiki, usijali.

## Hatua ya 10: Amua, na kama utachanganya, changanya kwa lofti

Baki na za zamani kama pengo la pigo la 3 na la 13 halikupungua sana kwa za kisasa, na jozi ndefu ilipanda vizuri kwa zote mbili. Weka pesa kwenye gripu, shafti au weji yenye mifereji mipya.

Badilisha zote kama pengo limepungua waziwazi katika jozi zote tatu, na mpira bado unashuka vizuri. Agiza kwa kuangalia lofti, na ununue weji za kujaza mapengo siku hiyo hiyo.

Changanya kama faida iko kwenye ndefu tu, jambo ambalo hutokea mara nyingi. Lakini usichukue namba 4, 5 na 6 za kisasa na kuendelea na namba 7 ya zamani. Namba 6 ya kisasa ina nyuzi 26 hivi, na namba 7 yako ina 36. Hilo ni pengo la nyuzi 10. Chukua za kisasa hadi namba 7 yenye nyuzi 29, halafu endelea na namba 6 ya zamani yenye nyuzi 32 au 33. Ndiyo, mfuko utakuwa na namba 7 inayokwenda mbali kuliko namba 6. Bandika utepe wenye lofti ukihofia kuchanganyikiwa.

Pengo likizidi kwa uzi mmoja au mbili, fundi anaweza kuikunja shingo. Vichwa vilivyofuliwa kwa chuma laini hukubali nyuzi 2 bila tabu. Vile vya kumiminwa kwa chuma kigumu kisichoshika kutu hukubali kidogo, na vingine hupasuka, hivyo mwache fundi aseme kabla hajavifunga kwenye mashine. Na kila uzi unaoupunguza kwenye lofti hupunguza pia uzi mmoja wa baunsi, ile pembe ya soli inayozuia fimbo isizame. Weji ya P ya zamani yenye soli nyembamba ikikazwa nyuzi 3 itageuka jembe, kwa hiyo ukilazimika kukunja, ikunje fimbo ya upande wa pili wa pengo, kisha upige tena mipira mitano kwenye ardhi laini kabla hujamlipa fundi.